Maili ya 250

Makanga wa steji ya Kitui hana muda na historia. "Mutomo! Ikutha! Kibwezi!" anaita huku akipiga ubavu wa matatu kwa kiganja, na abiria akimwambia kwamba anakwenda Sultan Hamud, jina hilo refu analikata katikati bila kufikiri. "Sultan? Ingia, mzee. Utaunganisha Kibwezi."

Niliingia, nikabanwa dirishani na mama mmoja aliyepakata kikapu cha ndengu, anakwenda kumwona binti yake aliyeolewa Mutomo. Aliniuliza naenda kwa nani huko Sultan. Nilipomwambia siendi kwa mtu, naenda kuutazama mji, alinigeukia taratibu kama anayetaka kuhakikisha nina akili timamu.

"Mwanangu, pale ni pa kunywa chai na kuendelea na safari."

Hakukosea sana. Kwa anayepita barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, Sultan Hamud ni safu mbili za maduka, vituo vya mafuta, malori yaliyoegeshwa upandeupande na moshi wa nyama choma. Dakika chache, umeupita. Lakini mji huo umekaa pale kaunti ya Makueni inapokutana na ya Kajiado, Kikamba kinapokutana na Kimaasai, na juu ya lugha hizo mbili umetundikwa jina la mtawala wa Zanzibar ambaye hakuwa Mkamba wala Mmaasai. Hilo peke yake lilinitosha kulipa nauli.

Ningeweza kuondokea Nairobi, kilomita 100 na ushei tu, lami tupu. Nilichagua kuingilia mlango wa nyuma, kutoka Kitui, kwa sababu ndiko ilikoanza habari ya Wakamba kusafiri, kufanya biashara na kujifunza lugha za watu.

Katika karne ya 19, kabla reli haijaotwa hata katika ndoto, misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka kutoka huku hadi Mombasa na pembe za ndovu. Mashuhuri kati ya wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi, na ni nyumbani kwake Kitui alikofikia mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, akitokea Rabai. Tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa huko, Krapf aliuona kwa mbali mlima ambao Wakamba waliuita Kĩ-nyaa, na matamshi yake ndiyo yaliyozaa jina la nchi nzima. Miaka miwili baadaye alirudi. Safari hiyo iliharibika: msafara ulivamiwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, naye Krapf akatangatanga porini kwa njaa na kiu, akihifadhi maji ndani ya mitutu ya bunduki yake.

Kwa msafiri wa mpakani, kinachovutia zaidi ni vitabu vya mtu huyu. Mwaka 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili, na mwaka huohuo msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, Kikamba kikiwemo. Mwaka 1854 akatoa msamiati wa lugha ya watu aliowaita Wakuafi, yaani jamaa wa Wamaasai. Wakamba hadi leo humwita Mmaasai Mũkavi, na wakiwa wengi ni Akavi. Sikio halihitaji msaada kuona neno hilo la Krapf lilitoka upande gani. Lugha tatu zinazosikika leo kwenye vibanda vya Sultan Hamud zilikuwa zimekwisha kupita mikononi mwa mtu mmoja zaidi ya miaka 40 kabla mji wenyewe haujakuwapo.

Mama wa ndengu alishuka Mutomo akiniombea safari njema. Baada ya hapo nchi inakauka. Udongo unakuwa mwekundu, migunga inapungua kimo, mibuyu inasimama mmojammoja kama watu waliogombana. Tukapita Ikutha, ambako Walutheri kutoka Ujerumani waliweka misheni miaka ya 1890, kisha barabara ikapanda uwanda wa Yatta. Huo ni mtiririko wa lava iliyoganda, unaokaribia kilomita 300 kwa urefu, na wanajiolojia huutaja miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Ukiwa juu yake huoni maajabu yoyote; unaona vichaka na mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa mitini. Ni mpaka uanze kushuka upande wa pili ndipo unapotambua ulikuwa umepanda ukuta.

Chini kuna mto Athi, na mto ndio mpaka: huku Kitui, ng'ambo Makueni. Makanga hakusema neno. Kwenye mpaka huu lugha haibadiliki, ni Kikamba kwa Kikamba, ingawa mtu wa Kitui na mtu wa Makueni hutambuana kwa lafudhi kabla salamu hazijaisha. Katika sensa ya 2019 Kitui ilihesabiwa watu 1,136,187 na Makueni 987,653, na sehemu kubwa ya hao wote ukiwaweka pamoja watacheka utani uleule.

Kibwezi nilikaa kwa muda wa chai moja tu, nikabadilisha gari. Waskoti walijenga misheni hapa mwaka 1891, lakini homa na mauti viliwachosha, na mwaka 1898 wakahamia nyanda za baridi za Kikuyu. Joto lililowafukuza bado lipo. Kuanzia hapa tuko kwenye barabara kuu, na mita chache kando yake zipo reli mbili: ile nyembamba ya Waingereza na ile pana ya SGR iliyoinuliwa juu ya tuta, inayotembea juu ya vichwa vya ng'ombe.

Makindu huwezi kupita bila kula. Hekalu la Kalasinga lililojengwa mwaka 1926, enzi ambazo mji huu ulikuwa kambi muhimu ya reli, linampa chakula kila anayeingia, bure, bila kumuuliza dini wala kabila. Unavua viatu, unafunika kichwa kwa kitambaa, unakaa. Nilipewa chapati, dengu na chai ya maziwa iliyokolea tangawizi. Kando yangu walikuwa madereva wawili wa malori wakizungumza Kisomali, familia ya Kihindi kutoka Mombasa, na kijana wa bodaboda ambaye, kwa jinsi alivyojua mahali sahani zinaporudishwa, sidhani ilikuwa mara yake ya kwanza wiki hiyo.

Mbele kidogo ni Kiboko, na hapo kuna jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui. Nyumba ya wageni iliyoko kando ya chemchemi ilianzishwa na mwindaji Mskoti, J. A. Hunter. Kati ya 1944 na 1946, serikali ya kikoloni ilimtuma kufyeka wanyama katika sehemu ya Makueni ili Wakamba waliojaa kwenye vilima wapewe mashamba mapya. Alipiga faru 996. Namba hiyo aliiandika mwenyewe. Leo mtoto wa Makueni akitaka kumwona faru, hulipiwa basi kupelekwa mbugani. Ardhi anayolima babu yake ndiyo iliyokuwa mbuga.

Emali nilifika siku ya mnada, na mnada wa mifugo huhitaji kuelekezwa, unafuata vumbi.

Hapa barabara ya Loitokitok inachepuka kwenda kusini, kuelekea Kimana, Amboseli na mpaka wa Tanzania. Kwa barabara hiyo hupanda nyanya na vitunguu vinavyolimwa kwa maji yatokayo chini ya Kilimanjaro, na kwa njia hiyohiyo huja ng'ombe. Makueni nayo inateremsha maembe, machungwa na ndengu. Tangu mwaka 2017 kituo cha Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, kipo hapa pia, kimoja kati ya vituo saba vya kati ya Nairobi na Mombasa, kwa hiyo ardhi ya Emali imepanda bei kwa kasi ambayo wazee wanaisimulia huku wakihesabu ploti walizouza mapema mno.

Uwanjani wamesimama wanaume wa Kimaasai, shuka begani, fimbo mkononi. Wakamba wenye koti na kofia. Wanunuzi wa Nairobi wenye malori. Na katikati yao mabroka, watu wasiokuwa na ng'ombe wala pesa, wenye maneno tu. Kuna zebu wenye nundu, chotara wa Sahiwal, mbuzi, na kondoo wekundu wa Kimaasai wanaostahimili minyoo kuliko kondoo wa kigeni. Makelele ni mengi kiasi kwamba wazee wengine hutaja bei kwa vidole. Wamaasai wana ishara za vidole za kuhesabia, kila namba na mkao wake, na anayezijua anaweza kununua fahali bila kufungua kinywa.

Nilisimama karibu na mzee mmoja wa Kimaasai na mwanawe. Walikuwa na fahali mweusi. Broka, Mkamba wa makamo mwenye jaketi lililopauka, alikuwa akimzunguka fahali huyo kama fundi anayekagua nyumba mbovu.

"Sitini na tano elfu," mzee akasema kwa Kiswahili.

"Mzee wangu, huyu amekonda. Arobaini na nane."

Mzee akamgeukia mwanawe, wakanong'onezana Kimaasai. Broka akatoa simu, akaanza kusoma ujumbe, uso mtupu, kama mtu ambaye lugha hiyo kwake ni upepo tu. Aliporudisha simu mfukoni alisema bei moja, hamsini na tano elfu, akasema ni ya mwisho, na wakapeana mikono. Akahesabu noti. Kisha akatabasamu, akamwambia mzee, "Ashe oleng, papa." Asante sana, baba. Mzee akamtazama kwa muda, akacheka, akamgonga begani kwa kirungu.

Broka alinieleza baadaye, kwa fahari isiyofichika, kwamba alikulia ng'ambo ya reli akichunga mbuzi pamoja na watoto wa Kimaasai. Alikuwa amemsikia mzee akimwambia mwanawe kwamba chini ya elfu hamsini na tano fahali anarudi nyumbani. "Hawajui kama nasikia," alisema.

Nusu saa baadaye nilimkuta mzee kwenye kibanda cha chai, nikashindwa kujizuia nikamuuliza. Alikunywa kwanza. Kisha akasema angekubali hata hamsini. Aliitaja hamsini na tano kwa sauti kwa sababu kila mtu wa hapa anajua kijana yule anasikia Kimaasai. Alipoagiza andazi la pili, alimwagiza mwenye kibanda kwa Kikamba.

Ndivyo lugha mbili zinavyofanya kazi mpakani, na vitabu vya isimu havina nafasi ya kulieleza hilo vizuri. Kiswahili ni cha kupatania bei hadharani. Lugha ya jirani ni ya kusikilizia. Na lugha yako mwenyewe, ukiwa mjanja, ni ya kumsemea anayedhani humwoni. Lugha zenyewe zimetofautiana mno: Kikamba ni ndugu wa Kiswahili, ng'ombe ni ng'ombe kwa zote mbili, ilhali kwa Kimaasai ni enkiteng, mbuzi wa Mswahili ni mbũi kwa Mkamba na enkine kwa Mmaasai. Mkamba hujifunza Kiswahili kama anayekumbuka. Mmaasai hujifunza kama anayejenga kutoka msingi, ndiyo maana Wamaasai wanaokijua vizuri, nionavyo, hukisema kwa uangalifu kuliko sisi wengine.

Undugu wenyewe una mitego. Wakikuyu nao wana maduka katika miji hii, na Mkikuyu mgeni akisikia Mkamba akitajwa kuwa mũtumĩa hushangaa: kwa Kikuyu huyo ni mwanamke, kwa Kikamba ni mzee wa kiume, tena wa heshima. Na juu ya reli, kati ya hapa na Nairobi, kuna kituo kiitwacho Kima. Mwaka 1900 ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alivutwa na simba kutoka ndani ya behewa hapo akauawa, na Waswahili wa mzaha wakasema basi jina limetokana na nyama ya kima, iliyosagwa. Mkamba akisikia hivyo hutikisa kichwa. Kiima ni mlima, na mlima upo hapo, unaonekana.

Kutoka Emali hadi Sultan Hamud si mbali, na nyanda za Kajiado zinabaki kushoto kwako njia nzima, wazi, za rangi ya simba. Asubuhi isiyo na mawingu Kilimanjaro huonekana ukiwa umeelea kusini bila miguu. Mimi nilifika alasiri, sikuuona.

Habari ya jina inasimuliwa hivi. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1898 ilikuwa Tsavo, ikipambana na simba wala watu, na mwishoni mwa Mei 1899 ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi. Katikati ya hapo, njia ilipotimia maili 250 kutoka pwani, yaani kama kilomita 400, Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar alikuja kujionea chuma hicho, na mahali ambapo palikuwa namba tu pakapewa jina lake.

Hamud mwenyewe alikuwa sultani kwa hisani ya mizinga. Agosti 27, 1896, Waingereza waliipiga kasri ya Zanzibar kwa muda usiozidi saa moja ili kumng'oa Khalid bin Barghash, na jioni hiyo Hamud akakalishwa kitini. Mwaka uliofuata alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Alitawala hadi alipofariki mwaka 1902. Na hapa pana kichekesho kidogo cha historia: eneo la Sultani katika Kenya ya leo lilikuwa ukanda wa maili 10 tu kutoka baharini, nao ulikuwa tayari umewekwa chini ya Waingereza kwa mkataba wa 1895. Mji unaobeba jina lake uko mbali bara, nje kabisa ya mamlaka yake. Alikuja kama mgeni, kwa gari la moshi lisilo lake, katika nchi isiyo yake, akaondoka, na jina likabaki. Wapo watawala walioimiliki miji karne nzima wasipate bahati hiyo.

Alipokuja aliwakuta akina nani? Hilo masimulizi ya reli hayalisemi, lakini miaka yenyewe inasema. Wakamba walikuwa katika njaa waliyoiita Yua ya Ngomanisye, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1890 na kuua watu wasiohesabika. Wamaasai walikuwa ndani ya janga waliloliita Emutai: sotoka iliyofyeka ng'ombe, ndui iliyofyeka watu, na vita vya wao kwa wao. Jamii hizi mbili zilikuwa zimeibiana mifugo kwa vizazi, na pia zimeoana na kupeana hifadhi wakati wa ukame. Reli ilipita kati yao wakiwa wamepiga magoti wote wawili. Vibarua walioitandika, wengi wao kati ya wale wapatao 32,000 walioletwa kutoka Uhindi, walikula mchele uliosafirishwa kwa reli hiyohiyo, na nyuma yao wakafuata maduka ya Kihindi. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyeanzia Bagamoyo, alifungua maduka kituo baada ya kituo kuifuata njia. Lugha ya dukani ilikuwa Kiswahili. Haikuletwa na Sultani, ililetwa na chumvi, shanga na nguo.

Kisha reli ikageuzwa ukuta. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamaasai walisogezwa hadi wakabanwa katika hifadhi ya kusini, chini ya njia ya reli. Wakamba wakafungiwa ya kwao juu yake. Ng'ombe asivuke, kwa sababu ya karantini. Mtu asivuke bila kibali. Watu walivuka usiku.

Wakamba walikuja kuionja sera ya mifugo kwa uchungu zaidi mwaka 1938. Serikali ilidai wana ng'ombe wengi kupita ardhi, ikaanza kuwanyang'anya mifugo na kuipiga mnada kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Athi River kikiwa kimefunguliwa na kinahitaji ng'ombe rahisi. Julai mwaka huo umati wa Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, ulikwenda Nairobi ukapiga kambi kwa wiki kadhaa ukitaka kumwona gavana. Kiongozi wao, Samuel Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Mauzo ya nguvu yakasitishwa. Nilipomtajia habari hiyo mwenye bucha mmoja wa Sultan Hamud, hakuhitaji kukumbushwa jina. Alichokinyooshea kidole ni kwamba Muindi alipelekwa pwani, kwa Waswahili, na mji huu ukaletewa jina kutoka pwani. "Walibadilishana," alisema, akakata mfupa.

Leo reli ya zamani ndiyo watu wanayoionyesha ukiuliza mpaka. Huku Makueni, kule Kajiado. Kwenye karatasi mambo si mepesi hivyo: tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, ushuru na ploti vimeipa mistari ya zamani thamani mpya, na mabishano kuhusu mpaka wa Makueni na Kajiado, kama yale ya Makueni na Taita Taveta kule Mtito Andei, yamefika mara nyingi kwenye mikutano ya viongozi. Ng'ombe anayesafirishwa kutoka kaunti moja hadi nyingine anahitaji kibali. Mtu hahitaji. Mashamba ya pamoja ya Wamaasai yaliyoundwa baada ya sheria ya 1968 yamegawanywa na vipande vingi kuuzwa, kwa hiyo Mkamba wa leo anaweza kulala Kajiado na kufungua duka Makueni, akivuka "mpaka" mara nne kwa siku akifuata chumvi.

Shuleni swali la lugha lilikwisha kujijibu. Tangu miaka ya 1970 sera imekuwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na penye mchanganyiko, Kiswahili. Mwalimu mmoja niliyezungumza naye kituoni alisema darasani kwake Kiswahili ndicho cha ubaoni, lakini akitaka kujua nani amempiga nani uwanjani, lazima aulize kwa lugha mbili zaidi.

Stesheni ya Sultan Hamud nimeikuta kimya. Treni ya abiria ya reli ya zamani iliacha kupita mwaka 2017. Mpya inasimama Emali. Bati lina kutu, mabenchi hayapo, majani yameota katikati ya mataruma. Nje ya uzio, soko halina habari na kimya hicho. Wanawake wa Kimaasai walikuwa wamekaa safu, shanga shingoni, madumu ya maziwa mbele yao. Mwenye hoteli, Mkamba, alikuja na sufuria.

"Yeyo, leo umeongeza maji?" aliuliza, akitumia neno la Kimaasai la kumwita mama.

"Mwaitu, onja," akajibiwa, kwa neno la Kikamba.

Akaonja, akachukua lita tano. Nilimfuata hotelini kwake nikala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharagwe, na chai ya maziwa hayo. Kama yalikuwa na maji, sikuyasikia.

Kabla ya kuondoka nilirudi relini. Watoto wanne walikuwa wakishindana kutembea juu ya chuma bila kuanguka. Nikawauliza kama wanamjua Sultani ambaye mji wao ulipewa jina lake. Mmoja akasema alikuwa mwenye hii reli. Mwingine akasema hapana, alikuwa mzee mwenye duka, zamani sana, kabla ya umeme.

"Alikuwa Mkamba au Mmaasai?"

Swali hilo sikupaswa kuliuliza. Walianza kubishana kwa Kiswahili, wakahamia Kikamba, mmoja akaruka chini ya reli na kuingiza Kimaasai, wote wanne wakapaza sauti kwa pamoja nikapoteza habari. Barabarani matatu ilipiga honi. Makanga alikuwa ameshaning'inia mlangoni, anaita kiti kimoja cha Nairobi.